Sharish, Xerez, Sherry: Jina la Mji na Divai Yake

Makala haya yalizaliwa darasani. Mwanafunzi wetu mmoja hapa Bujumbura alitujia na vitabu viwili mkononi. Katika kimoja, hadithi ya Kiingereza iliyofupishwa kwa ajili ya shule, mzee fulani anamkaribisha mgeni wake kwa bilauri ya sherry. Katika cha pili, kamusi ya Kifaransa, alikuwa ametia kidole penye neno xérès. Akauliza, "Mwalimu, yote mawili yameelezwa kuwa ni divai ya Kihispania. Je, ni divai moja au mbili? Na sisi katika Kiswahili tuandikeje?" Twakiri kwamba hatukuwa na jibu. Tulifanya kama walimu wafanyavyo wanapobanwa: tulimsifu kwa swali zuri, tukamwahidi jibu wiki ijayo.

Wiki ijayo ikawa mwezi. Katika chumba cha walimu, mwenzetu afundishaye Kiarabu, mtu wa swala tano asiyegusa kileo, alitucheka aliposikia tunachotafuta. "Mwalimu mzima, wahangaikia habari za ulevi?" Lakini alipoliona neno lenyewe, na jina la mji lililoandikwa kando yake, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mji huu naujua. Huu ni mji wa Al-Sharishi." Akatueleza kuwa miongoni mwa washereheshaji mashuhuri wa Maqamat ya Al-Hariri yumo Abu al-Abbas Ahmad al-Sharishi, aliyefariki mwaka 1222. Jina hilo la mwisho ni nisba, yaani jina linalomtaja mtu kwa mahali atokako, kama vile mtu wa Hadhramaut aitwavyo Al-Hadhrami. Kwa hiyo Al-Sharishi ni mtu wa Sharish. Na Sharish ndio mji ambao leo Wahispania wauita Jerez de la Frontera.

Tangu hapo hatukuweza kuliacha jambo hili, na tuliyoyapata tumeona yafaa kuwagawia wenzetu. Hatukusudii kumsifia mtu kileo. Asiyekunywa na asinywe. Kinachotuvuta ni habari ya mji ambao jina lake lilichukuliwa na wageni kwa mapenzi, likatamkwa watakavyo, likabandikwa kwenye chupa za watu wengine, hata wenyewe wakalazimika kwenda mahakamani kuuliza kama bado ni lao.

Jerez uko kusini mwa Hispania, katika jimbo la Andalusia, karibu na bandari ya Cádiz kwenye bahari ya Atlantiki. Pamoja na miji miwili jirani, Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María, unafanya pembetatu ambayo kwa karne nyingi ndimo divai hii ilimokomazwa. Mashamba yamo katika vilima vya mviringo vyenye udongo mweupe kama chokaa, ambao wenyeji huuita albariza. Wafoinike walifika pwani hiyo kabla ya Kristo, na Warumi baada yao; wote walilima mizabibu. Hayo tuyapite upesi, kwa maana habari yetu ya jina yaanza na Waarabu.

Mwaka 711 jeshi la Tariq ibn Ziyad lilivuka kutoka Afrika ya Kaskazini na kuingia Hispania, na mji huu ukakaa chini ya utawala wa Waislamu kwa zaidi ya miaka 500. Msomaji ataona ajabu: yawezekanaje mji wa divai ustawi katika nchi ambayo sheria yake inaharamisha divai? Jibu ni kwamba mizabibu ni jambo moja na divai ni jambo jingine. Inasimuliwa kwamba mwaka 966 Khalifa Al-Hakam wa Pili wa Cordoba aliamuru mizabibu ing'olewe. Watu wa Sharish wakamwendea na hoja: zabibu zao zikikaushwa huwa chakula cha askari wa jihadi. Khalifa akaikubali hoja, na theluthi mbili za mashamba zikasalimika. Hatuwezi kuapa kwamba mambo yalikwenda hivyo hivyo hadi neno la mwisho, lakini kisa hiki kinamgusa mwalimu wa Kiswahili kwa namna yake. Neno zabib katika Kiarabu ni zabibu iliyokaushwa. Tunda bichi wao huliita inab. Sisi tulilipokea neno la tunda kavu, yaelekea kwa sababu ndilo lililosafiri vema katika majahazi, tukalifanya kuwa jina la tunda lote, bichi na kavu. Kwa hiyo hoja ya watu wa Sharish ingekuwa ngumu kufasiriwa kwa Kiswahili. Mfasiri angelazimika kuandika "zabibu zetu ni zabibu", na Khalifa asingeelewa kitu!

Kuna shahidi mwingine wa zama hizo ambaye walimu wa historia watamfurahia. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake kikubwa mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, anautaja Sharish kuwa mji wa kadiri wenye ngome, uliozungukwa na mizabibu, mizeituni na mitini. Ni Al-Idrisi huyo huyo ambaye, katika kitabu hicho hicho, anaandika habari za Malindi na Mombasa na biashara ya chuma katika pwani ya Zanji. Tumezoea kumfungua kwa ajili ya kurasa zetu tu. Kurasa chache mbele zimo habari za mizabibu ya Sharish, na tutaona kwamba baada ya miaka 800 Al-Idrisi aliitwa tena kutoa ushahidi.

Mwaka 1264 Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castile aliuteka mji. Wakati huo ufalme wa Waislamu wa Granada ulikuwa ungali hai, nao uliendelea kuwapo hadi mwaka 1492. Jerez ukawa mji wa mpakani, na ndiyo maana ya maneno de la Frontera yaliyomo katika jina lake hadi leo. Wakristo hawakubuni jina jipya. Walichukua Sharish wakaliandika kwa herufi zao: Xerez.

Hapa twawaomba wasomaji watusubiri kidogo, kwa sababu ufunguo wa swali la mwanafunzi wetu umo katika herufi hiyo moja. Katika Kihispania cha kale, herufi x ilitamkwa kama sh yetu. Mhispania wa mwaka 1400 akisoma Xerez alitamka neno linalokaribiana sana na lile la Mwarabu. Halafu, katika karne ya 16 na ya 17, sauti hiyo ikabadilika vinywani mwa Wahispania. Sh ikarudi nyuma kooni ikawa kh, kama ile ya kheri. Maandishi yalichelewa, kama kawaida ya maandishi. Ni mwaka 1815 ndipo chuo chao cha lugha kilipoamua kwamba sauti hiyo iandikwe kwa j. Hapo ndipo Xerez ikawa Jerez.

Anayesoma Kifaransa anaweza kulithibitisha jambo hili bila kutoka nyumbani. Kitabu mashuhuri cha Cervantes kilichotoka mwaka 1605 kiliandikwa jina la shujaa wake kwa x, Don Quixote. Wafaransa walilisikia likitamkwa kwa sauti ya zamani, wakaandika Don Quichotte, na hata leo wanalitamka kwa sh. Wahispania wenyewe sasa huandika Quijote na kutamka kh. Mfaransa amehifadhi sauti ambayo mwenye nyumba ameipoteza. Kwa divai ya Jerez mambo yalikwenda kinyume: Mfaransa aliishika herufi ya zamani, akaandika Xérès lakini akaisoma kwa kanuni za kwake, Mwingereza aliishika sauti ya zamani, akaandika sherris. Basi maneno mawili ya mwanafunzi wetu ni jina moja la mji mmoja, moja likiwa limechukuliwa kwa jicho na jingine kwa sikio.

Kutoka sherris hadi sherry kuna hatua moja zaidi, nayo ni ya kuchekesha. Waingereza hutia s mwishoni mwa neno kuonyesha wingi. Walipozoea kusikia sherris, wakadhani ni wingi. Na kama ni wingi, umoja wake utakuwa nini ila sherry? Katika karne ya 17 wakaikata ile s wakaitupa. Tusiwacheke sana. Sisi tulipoletewa neno la Kiingereza mudguard, tukalitamka madigadi, tukasikia ma- ya wingi mwanzoni, na umoja wake tukaufanya digadi. Kitabu tulikipokea kutoka Kiarabu kitab, tukaiona ile ki- tukafurahi, tukatoa vitabu. Mwingereza alikata mkia pale ambapo sisi tungekata kichwa. Kanuni ni ile ile.

Waingereza walilijuaje neno hili? Kwa kununua, na kwa kunyang'anya. Mwaka 1587 Francis Drake alishambulia bandari ya Cádiz, akachoma merikebu za Mfalme wa Hispania, na inasemwa kwamba aliondoka na mapipa yapatayo 2,900 ya divai ya Jerez. (Neno letu pipa, tukumbuke, ni la Kireno, na mvinyo vilevile, divai imetujia kwa mlango wa Wafaransa.) Miaka michache baadaye Shakespeare, katika sehemu ya pili ya tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Nne, iliyochapishwa mwaka 1600, alimpa Falstaff, mzee mnene mwenye domo refu, hotuba nzima ya kuisifu sherris: jinsi inavyopanda kichwani na kuiamsha akili, na jinsi inavyoishukia damu na kuleta ushujaa. Mwalimu Nyerere alitufasiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Falstaff hakutufikia kwa mkono huo, na sisi tunasikitika, kwa maana tungependa kuona angeiitaje divai hii.

Tusisahau upande wa Wahispania na Wareno. Merikebu za Magellan zilizoanza safari ya kuizunguka dunia zilitweka matanga Sanlúcar tarehe 20 Septemba 1519, na katika hesabu za mahitaji yake imo divai ya Jerez kwa wingi. Huyu ndiye Magellan ambaye mwaka 1505, akiwa kijana, aliondoka Ureno katika msafara wa Almeida, ule ulioziteka Kilwa na Mombasa.

Sasa yafaa tueleze divai yenyewe ni kitu gani, kwa sababu bila hayo ugomvi uliofuata hauwezi kueleweka. Mtu angeweza kusema kuwa jina ni jina tu, na kwamba divai ya zabibu ni divai ya zabibu popote itengenezwapo. Watu wa Jerez husema sivyo, na tulipokwisha kusoma jinsi wanavyofanya kazi tulielekea kuwakubali.

Twaanza na udongo. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya majira ya kupukutika majani na ya kuchipua. Kiangazi hakuna kitu, jua tupu. Baada ya mavuno wakulima huchimba vijishimo vya mstatili kati ya safu za mizabibu ili maji yasiteremke mlimani, kazi ambayo mkulima wa milima ya Burundi hahitaji kuelezwa. Ule udongo mweupe huyanywa maji kama sifongo, kisha juu hufanya gamba gumu linaloyazuia yasikauke. Mizizi huyafuata chini kabisa, na mti hubaki kijani wakati nchi yote imekuwa rangi ya vumbi. Aina ya zabibu ni moja hasa, Palomino, nyeupe na isiyo na sifa kubwa mahali pengine. Huvunwa mara moja kwa mwaka, kuanzia Agosti au Septemba. Wenzetu wa Dodoma, wavunao mara mbili, watawahurumia.

Maji ya zabibu yakisha kukamuliwa huachwa yachachuke mpaka sukari yote iishe. Divai ya namna hii huitwa divai kavu. Wanafunzi hulicheka neno hili, kwa kuwa kitu cha majimaji hakiwezi kuwa kikavu. Maana yake ni kwamba haina utamu. Kisha kwa desturi huongezwa spiriti kidogo ya zabibu hadi nguvu yake ifike asilimia 15. Hutiwa katika mapipa ya mwaloni wa Marekani yanayochukua lita 600 hivi, lakini hayajazwi: lita 500 tu, na nafasi ya hewa huachwa juu. Kila mtengenezaji divai mahali pengine huiogopa hewa kama adui. Huyu wa Jerez humfungulia mlango.

Hapo ndipo latokea lile jambo la ajabu. Juu ya divai huota utando mweupe, kama ule tunaouona juu ya uji uliopoa. Ni chachu hai, nao wenyeji huuita flor, yaani ua. Utando huo huifunika divai isiguswe na hewa, na wakati huohuo hula baadhi ya vitu vilivyomo ndani yake, hata divai ikazidi kuwa kavu, nyepesi, ya rangi ya majani makavu, yenye harufu ya unga uliokandwa na ya lozi. Hiyo ndiyo fino. Ikikomazwa Sanlúcar, ambako unyevu wa bahari huufanya utando uwe mnene mwaka mzima, huitwa manzanilla. Nguvu ya divai ikiongezwa ikapita asilimia 17, ua hufa, hewa huingia, na divai hugeuka kuwa ya hudhurungi. Hiyo ni oloroso, na habari zake ni nyingine.

Utando huu ni kiumbe mteuzi. Hautaki joto, hautaki ukavu. Kwa hiyo maghala ya Jerez yamejengwa marefu kwenda juu kama makanisa makuu, yenye kuta nene na sakafu ya udongo inayonyunyiziwa maji wakati wa joto. Madirisha yameelekezwa kuupokea upepo wa magharibi, poniente, unaoleta ubaridi wa bahari, na hufungwa dhidi ya levante, upepo wa mashariki ulio mkavu na wa moto. Watu wa pwani yetu, waliopanga maisha yao kwa kaskazi na kusi, hawatashangaa kusikia kwamba jengo zima limejengwa kwa ajili ya upepo.

Mapipa yenyewe hupangwa kwa safu. Safu ya chini huitwa solera, kutokana na neno la sakafu. Safu zilizo juu yake huitwa criaderas, na jina hili tungelifasiri "mahali pa kulelea". Divai ya kuuzwa hutolewa katika safu ya chini, na kwa mwaka haitolewi zaidi ya theluthi. Pengo lililobaki hujazwa kutoka safu ya pili, pengo la safu ya pili hujazwa kutoka ya tatu, na divai mpya huingia juu kabisa. Hivyo divai changa hujifunza kwa kuchanganyika na ile iliyotangulia, na pipa haliishi kamwe. Tone la miaka mingi iliyopita huwamo daima, hata kama ni dogo kiasi gani. Ndiyo sababu fino kwa kawaida haiandikwi mwaka wake kwenye chupa. Ina miaka mingi mno ndani yake. Msimamizi wa ghala huionja kwa kikombe chembamba chenye mpini mrefu unaonyumbuka, akikitumbukiza katika tundu la pipa bila kuuvuruga ule utando. Bibi zetu walikuwa na kata ya kifuu kwa mtungi wa maji. Hii ni kata pia, iliyorefushwa shingo.

Katika karne ya 18 na ya 19 wafanyabiashara kutoka Uingereza na Ireland walihamia Jerez, wakaoa huko, na majina ya Kiingereza na ya Kihispania yakaunganishwa katika milango ya maghala. Manuel María González alianza biashara yake mwaka 1835, na mwaka 1855 akashirikiana na wakala wake wa London, Robert Byass. Fino yao mashuhuri inaitwa Tío Pepe. Tío ni neno pana la Kihispania, lifaalo kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama pia, na mfasiri wa Kiswahili hawezi kuendelea bila kuuliza. Tuliuliza. Pepe huyo alikuwa José Ángel, ndugu ya mama yake González, aliyemfundisha mpwawe mambo ya divai. Kwa hiyo ni Mjomba Pepe, wala si Baba Mdogo.

Biashara ikapanuka, na ikiisha kupanuka ikazaa waigaji. Mahali pengi Waingereza walikokwenda kukaa, Afrika Kusini, Australia, Kupro, mizabibu ilipandwa na divai iliyoongezwa spiriti ikaitwa sherry. Mwaka 1894 Jerez wenyewe ulifikiwa na filoksera, mdudu alaye mizizi ya mizabibu, aliyekwisha kuangamiza mashamba ya Ufaransa. Mashamba yakalazimika kupandwa upya kwa kuunganisha vikonyo vya Palomino na mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo mdudu huyo hayawezi. Kazi hiyo ilidai miaka na fedha, na huku nyuma jina lilizidi kutumiwa na wengine. Kilichowaudhi watu wa Jerez kuliko yote kilikuwa British sherry. Uingereza haina jua la kutosha kwa biashara hiyo. Basi maji ya zabibu yaliyogandamizwa hadi kuwa mazito kama asali yaliagizwa kutoka nchi nyingine, yakatiwa maji, yakachachushwa kiwandani, na chupa ikabandikwa jina la mji ambao haikupata kuuona.

Hispania ilianza kujikinga kwa sheria katika miaka ya 1930. Jerez ulikuwa wa kwanza kupata baraza la kulinda jina lake la asili, lililoanzishwa mwaka 1933. Baraza hilo lilijua historia ya neno, kwa kuwa liliandikisha jina kwa lugha tatu pamoja: Jerez-Xérès-Sherry. Lakini sheria ya Hispania haikufika London.

Kesi kubwa ilisikilizwa katika Mahakama Kuu ya Uingereza na kuamuliwa mwaka 1967. Jambo la kushangaza ni kwamba walioanza kushtaki walikuwa watengenezaji wa British sherry. Walitaka mahakama itangaze kwamba wana haki ya kulitumia neno. Hoja yao ilikuwa kwamba sherry si jina la mji tena bali ni neno la Kiingereza lenye maana ya aina fulani ya divai. Upande wa Jerez ulijibu kwa kuonyesha neno limetoka wapi, na miongoni mwa ushahidi ilikuwamo ramani ya Al-Idrisi, ambayo nakala yake imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, pamoja na jina la Sharish. Basi mwanajiografia aliyeandika habari za Malindi akasimama kizimbani London, miaka 800 baada ya kufa kwake, kuwatetea wakulima wa zabibu.

Jaji Cross alikata shauri kwa namna ambayo hakuna upande ulioshangilia. Alikubali kwamba neno sherry, likisimama peke yake, maana yake ni divai itokayo Jerez. Hapo Al-Idrisi alishinda. Lakini akaongeza kwamba watu wa Jerez walikuwa wamenyamaza muda mrefu mno huku wengine wakiuza British sherry, South African sherry na kadhalika. Aliyenyamaza miaka yote hiyo hawezi kuja sasa kuwakataza. Kwa hiyo majina hayo ya kuunga yaliruhusiwa kuendelea. Sisi tulioisoma hukumu hii mbali na mahakama tunaiona nusu yake ya pili kuwa ngumu. Mkulima wa kilima cha Jerez wa mwaka 1900 angejuaje kilichoandikwa kwenye chupa katika duka la Manchester, na angekwenda kwa nani kulalamika?

Kilichoshindikana mahakamani kiliwezekana kwa mkataba. Tarehe 1 Januari 1986 Hispania iliingia katika Jumuiya ya Ulaya, na katika masharti yake jina la sherry lilitajwa. Waingereza na watu wa Ireland walipewa muda hadi mwisho wa mwaka 1995. Tangu mwanzo wa mwaka 1996, katika nchi zote za jumuiya hiyo, hakuna divai iitwayo sherry isipokuwa ile ya Jerez na jirani zake. Afrika Kusini, katika mapatano yake na Ulaya, nayo ilikubali kuliacha jina hilo hatua kwa hatua. Australia ililiacha pia, na watengenezaji wake wakakaa kubuni neno jipya kabisa kwa divai yao: apera. Tumelitamka mara kadhaa. Ni neno jepesi, na vokali zake zingemfurahisha Mswahili, lakini halina mji nyuma yake.

Tulipomrudia mwanafunzi wetu na haya yote, alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akakumbusha kwamba nusu ya swali lake ilikuwa bado. "Basi sisi tuandikeje?" Mwenzetu wa Kiarabu, aliyekaribishwa darasani siku hiyo, alisema kwa haki yote tuandike divai ya Sharishi, maana hilo ndilo jina kongwe na Kiswahili kina sauti zake zote. Mwanafunzi mmoja aliyewahi kusoma Kampala alitaka sheri, kama wasemavyo wenye Kiingereza. Wa tatu, mwenye Kifaransa kizuri, alijaribu kuandika kseresi ubaoni, akaitazama, akaifuta mwenyewe. Tulichagua kuandika divai ya Jerez, kama wenyeji waandikavyo, tukawaonya kwamba j hii isomwe kh, kama katika kheri. Tukamwita mtoto wa dawati la nyuma asome sentensi nzima kwa sauti. Akaanza vizuri, akafika penye neno, akaitamka j kama ile ya jirani, bila wasiwasi wowote, akaendelea mbele. Tulimwacha kwanza amalize.